Je, Wajua? Damu Haisahau Mgeni

Sogea hapa kwenye benchi, mwenzangu, foleni ya maabara ni ndefu na mimi nina mambo ya kukuambia. Je, wajua kwamba matone machache ya damu yako yanaweza kumwambia daktari kama kirusi fulani kimekuingia mwezi huu kwa mara ya kwanza maishani, au kama ulikipata ukiwa mtoto ukasahau kabisa? Na hapo wala hatafuti kirusi chenyewe. Anatafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili wako ulizitengeneza kupambana nacho.

Anza na hili. Mwili wako una jeni kama 20,000 tu, lakini una uwezo wa kutengeneza kingamwili za aina zaidi ya trilioni 1! Inawezekanaje? Mjapani Susumu Tonegawa ndiye aliyefumbua fumbo: chembe zinazotengeneza kingamwili hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya, kila chembe kwa namna yake. Mwaka 1987 akapewa Tuzo ya Nobel.

Na kasi je? Chembe moja iliyokomaa inaweza kumwaga kingamwili kama 2,000 kwa sekunde. Kwa sekunde, si kwa siku! Tangu uanze kusoma aya hii imeshatoa makumi ya maelfu.

Haya, sasa ujanja wenyewe. Kirusi kipya kikiingia, kingamwili za kwanza kutokea ni za aina ya M, ambazo wataalamu huandika IgM. Kila moja ina sehemu 10 za kukamatia adui! Za aina ya G, yaani IgG, huja baadaye na zina sehemu 2 tu, lakini hizo ndizo hudumu miaka. Damu ikiwa na M bila G, maambukizi ni mabichi. Ikiwa na G peke yake, ni habari za zamani.

Utaniuliza, na zikiwepo zote mbili? Hapo maabara ina mchezo mtamu. G changa hushika kirusi kilegevu, na G zilizokomaa hung'ang'ania. Kwa hiyo mtaalamu huzisuuza kwa yurea, naam, kemikali ile ile anayoimwaga mkulima shambani kama mbolea! Zikiachia, maambukizi ni ya miezi michache iliyopita. Zikigoma, ni ya siku nyingi.

Je, wajua kwa nini daktari huweza kukuambia urudi baada ya wiki mbili au tatu kutolewa damu tena? Hakutafutii gharama. Anataka kulinganisha damu ya leo na ya siku hiyo: kingamwili zikipanda mara 4 au zaidi, kirusi kimekamatwa na ushahidi mkononi. Ni njia ya zamani, ni ya polepole, na mara nyingi mgonjwa huwa ameshapona majibu yakitoka. Lakini mpaka leo inaheshimiwa kuliko vipimo vingi vya haraka.

Twende Entebbe, kilomita kama 40 tu kutoka hapa Kampala. Mwaka 1936 wakfu wa Rockefeller ulianzisha pale taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI. Unajua kipimo chao cha kingamwili kilikuwa nini? Panya! Seramu ya mtu ilichanganywa na virusi vya homa ya manjano, kisha panya wakadungwa mchanganyiko huo. Panya wakifa, huyo mtu hakuwa na kinga. Panya wakiendelea kula na kukimbia, basi mtu yule aliwahi kukutana na homa ya manjano, hata kama mwenyewe aliapa hajawahi kuugua.

Na kwa damu za namna hiyo walisaidia kuchora ramani ya ugonjwa barani Afrika. Damu za watoto zilikuwa za thamani kuliko zote, unajua kwa nini? Mtoto wa miaka mitano akiwa na kingamwili, ugonjwa ulipita hapo ndani ya miaka hiyo mitano. Mzee wa miaka sabini hakupi tarehe.

Je, wajua kwamba kirusi cha West Nile, kilichotikisa New York mwaka 1999, kilitolewa kwenye damu ya mama mmoja mwenye homa katika wilaya ya West Nile, hapa hapa Uganda, mwaka 1937? Na hiki kirusi kina hila: kwa baadhi ya wagonjwa, kingamwili za M, zile zinazodaiwa kuwa za siku za mwanzo, zimeonekana zaidi ya siku 500 baada ya kuugua! Ukimpima mtu huyo leo utasema kaumwa juzi, kumbe ni mwaka juzi.

Zika nayo? Msitu wa Zika uko kando ya barabara ya kwenda Entebbe. Aprili 1947, kima wa aina ya rhesus, namba 766, aliwekwa kwenye kizimba juu ya mti kama chambo cha mbu, akapata homa. Kwenye damu yake ndimo kirusi kipya kilimotoka. Watafiti walipopima damu za watu 99 wa Uganda, 6 walikutwa na kingamwili zake. Hakuna hata mmoja aliyejulikana kuugua!

Kisha kimya. Kwa miaka 60 wagonjwa wa Zika walioandikwa duniani kote walikuwa 14 tu. Halafu mwaka 2007 kisiwa cha Yap, huko Pasifiki, kikashikwa. Vipimo vya kingamwili vya pale vilisema dengi, lakini madaktari hawakuridhika na dalili, wakapeleka damu Marekani, na huko ikajulikana kuwa ni Zika. Virusi hivi viwili ni ndugu, na kingamwili za mmoja humkamata hata mwenzake. Shikilia kwanza, bado: damu za wakazi zilipopimwa zilionyesha kwamba 73% ya watu wa Yap waliambukizwa. Wengi hawakujua.

Sasa kaa vizuri, maana kisa kinachofuata ni cha hospitali ya Mulago, na mimi nikikisimulia huwa sijali foleni imefika wapi.

Mwaka 1957, pale Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kukuu la Ford wakasafiri wiki 10, kilomita kama 16,000, wakitembelea hospitali 57 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Swali lao lilikuwa moja: watoto wenye uvimbe huu mnao? Wakagundua kwamba uvimbe unafuata joto na mvua. Yaani saratani inayofuata hali ya hewa! Lazima kuna kitu kinaenezwa, wakasema.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara London. Kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Michael Epstein, aliyetoka pale kichwa kikiwaka moto: ni kirusi tu! Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapanda ndege Uganda usiku na kushuka London asubuhi. Akatafuta zaidi ya miaka miwili. Hakupata kitu.

Je, wajua kilichomwokoa? Ukungu! Tarehe 5 Desemba 1963 ndege ilishindwa kutua London ikapelekwa Manchester. Sampuli ilifika imechelewa, maji yake yamekuwa na utusitusi, na mtu mwingine angeimwaga akidhani imeingia bakteria. Epstein akachungulia kwenye hadubini: chembe za uvimbe zilikuwa zimejitenga, zinaelea, ziko hai. Sasa zingeweza kuoteshwa maabara.

Miezi michache baadaye, mwaka 1964, alizitazama kwa hadubini ya elektroni, na virusi vikaonekana. Aliogopa mwale wa hadubini usije ukaviunguza, akaizima, akatoka nje bila koti akazunguka mtaa kwenye theluji ili atulize moyo! Yeye na wenzake, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland, ndio waliotangaza kirusi tunachokiita Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Epstein aliishi hadi 2024, akafariki akiwa na miaka 102.

Lakini kirusi hiki kinaleta ugonjwa gani mtu anapokipata kwa mara ya kwanza? Hakuna aliyejua. Werner na Gertrude Henle, mtu na mkewe huko Philadelphia, walitengeneza kipimo cha kingamwili zake mwaka 1966 kwa kutumia chembe zile za Epstein. Wakapima watu. Lo! Karibu kila mtu mzima alikuwa nazo. Mmoja wa wachache waliokuwa hawana ni fundi wa maabara yao wenyewe, binti ambaye damu yake ilitumika kama mfano wa damu isiyo na kitu.

Mwaka 1967 binti huyo akaugua. Homa, koo, tezi za shingo: ule ugonjwa ambao Wazungu huuita wa kubusiana, maana huenezwa kwa mate. Aliporudi kazini wakampima tena. Damu iliyokuwa haina kitu sasa ilikuwa imejaa kingamwili! Hivyo ndivyo chanzo cha ugonjwa huo, kilichotafutwa miongo kadhaa, kilivyopatikana: damu ya kabla na damu ya baada, ya mtu yule yule. Mimi kwa maoni yangu hakuna jaribio la kupanga ambalo lingepata jibu safi kuliko bahati ile.

Usiondoke, bado kuna kondoo. Je, wajua kwamba tangu 1932 ugonjwa huo ulipimwa kwa damu ya kondoo? Seramu ya mgonjwa ikichanganywa na chembe nyekundu za kondoo, zinagandamana! Siku hizi hutumika chembe za farasi. Kondoo na farasi hawahusiki kabisa na kirusi. Mwili wa mgonjwa huzalisha tu kingamwili za ovyo ovyo zinazowashika wanyama hao, na madaktari wakaona heri waitumie fujo hiyo.

Kipimo cha kisasa ni makini zaidi. Kirusi cha Epstein-Barr kina protini nyingi, na mwili haujibu zote siku moja. Kingamwili dhidi ya ganda lake hutokea mapema. Zile dhidi ya protini ya ndani ya kiini cha chembe huchelewa miezi 2 hadi 4. Ukikuta za mwanzo zipo na za mwisho bado, maambukizi ni ya kwanza na ni mapya. Unaona utamu wake? Kinachokosekana ndicho kinachotoa jibu!

Hapa Uganda watoto wengi mno huwa wamekipata kabla ya kufikisha miaka 3, bila homa ya maana. Kwa hiyo watafiti walifanya jambo kubwa: kuanzia 1972 walichukua damu za watoto 42,000 wa West Nile, wakazigandisha, wakangoja. Miaka ikapita, 14 kati ya watoto hao wakapata uvimbe wa Burkitt. Damu zao za zamani zikatolewa kwenye barafu, na nyingi zilikutwa na kingamwili nyingi kupita za wenzao, tangu kabla ya uvimbe kuonekana!

Na damu hizo hizo za West Nile zikaja kuchanganya dunia. Mwaka 1985 sampuli 75 zilipimwa VVU kwa vipimo vya mwanzo mwanzo, na 50 zikasoma kwamba zina kingamwili. Watoto wa 1972! Leo hesabu hiyo huchukuliwa kuwa ni hitilafu ya vipimo. Damu ya mtu anayeumwa malaria kila mara huwa na kingamwili tele za kila namna, na kipimo kisicho makini hunasa chochote.

Ndiyo sababu ukipimwa VVU Uganda, kipimo kimoja kikisoma chanya hupewi jibu hapo hapo. Hufuata kipimo cha aina nyingine, na wakati mwingine cha tatu kuamua. Mhudumu hasiti kwa kuwa hajui kazi, anaijua vizuri.

Ule mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo cha haraka, umewahi kujiuliza ni rangi gani? Kwenye vipimo vingi ni dhahabu! Dhahabu ikiwa chembechembe ndogo mno huonekana nyekundu. Na kipimo kikubwa cha maabara, kile cha sahani yenye vishimo 96 kilichobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kawaida hutumia kimeng'enya kutoka kwenye mzizi mkali ambao Wazungu huukuna na kuula na nyama. Kingamwili zikiwepo, kishimo hugeuka buluu. Fundi anatia tone la asidi, kinakuwa njano.

Je, wajua kwamba Kampala ilikuwa na kituo cha hiari cha kupima VVU, AIC, tangu 1990, cha kwanza cha aina yake Afrika kusini mwa Sahara? Na je, wajua kwamba kingamwili zaweza kuchelewa hadi miezi 3 baada ya maambukizi? Kwa hiyo ukipima kesho yake baada ya jana usiku, kipimo kinakuambia habari za miezi iliyopita.

Mtoto mchanga wa mama mwenye VVU naye karibu kila mara atasoma chanya kwenye kipimo cha kingamwili. Asikuogopeshe! Kingamwili za G za mama hupita kwenye kondo la nyuma, na huweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18. Ndiyo maana huchukuliwa matone ya damu ya kisiginoni, yanakaushwa kwenye karatasi, yanapakiwa kwenye pikipiki hadi maabara kuu ya taifa, Butabika, kutafutwa kirusi chenyewe. Kingamwili za M, kinyume chake, hazipiti kwenye kondo. Mchanga akikutwa na M za rubela, amezitengeneza mwenyewe, na aliambukizwa akiwa tumboni.

Hizo hizo za mama ndizo zinazofanya chanjo ya surua ingojee miezi 9. Ukimchanja mapema, kinga aliyoachiwa na mama huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Wacha wee!

Linganisha haya matatu. Kingamwili za G za surua zina maana kwamba umekwisha pona au umechanjwa. Za VVU zina maana kwamba kirusi bado kimo. Za homa ya ini C hazisemi lolote kati ya hayo: hata ukitibiwa ukapona kabisa, kipimo kitaendelea kusoma chanya.

Surua ina ukatili wake. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mtoto asiyechanjwa akiugua surua hupoteza kati ya 11% na 73% ya aina za kingamwili alizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine! Inafuta alichojifunza mwili, mtoto anaanza upya.

Kumbukumbu hiyo ya mwili isipofutwa, hudumu. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, na daktari Peter Panum akaona wazee walioiugua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, hawakuguswa. Mwaka 2008 watu 32 walionusurika na homa ya mafua ya 1918 wakapimwa wakiwa na miaka 91 hadi 101. Kingamwili zilikuwepo, na zilifanya kazi!

Gulu, mwaka 2000: Ebola iliwashika watu 425, ikaua 224, akiwemo Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Maabara iliwekwa pale pale Lacor, na ikaonekana kwamba wengi waliokufa walikufa kabla kingamwili za G hazijatokea. Walionusurika walipopimwa miaka 12 baadaye, baadhi walikuwa bado wanazo. Ndiyo maana Ebola ilipofika Kampala Januari 2025, mgonjwa wa siku za mwanzo hakungojewa kingamwili. Kilichotafutwa ni jeni za kirusi.

Hata ngamia wana la kusema. Kirusi cha MERS kiligunduliwa Uarabuni mwaka 2012. Watafiti wakafungua majokofu, wakapima damu za ngamia wa Somalia na Sudan zilizohifadhiwa tangu 1983, na zaidi ya 8 kati ya 10 zilikuwa na kingamwili zake. Miaka 29 kabla ya jina kuwepo!

Naona wameita namba yako. La mwisho basi, ukiwa unasimama: kile kitabu chako cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, kilichoandikwa kwamba kinaisha baada ya miaka 10. Je, wajua kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 kinatambulika kimataifa kwa maisha yako yote, hata kama tarehe iliyoandikwa imepita? Kingamwili zilipopimwa zilikutwa bado zipo miongo kadhaa baada ya sindano moja. Kakitafute kabatini, usilipe mara ya pili.